Kabla ya Vienna, Alps na Venice: Mambo ya Kuzingatia

Njia ninayoizungumzia ni ile ambayo wengi wetu huichagua tukienda kutembea Ulaya kwa mara ya kwanza. Unashukia Vienna, Austria, unakwenda Salzburg, unaingia Uswisi kuona milima ya Alps ukiwa na makazi Interlaken, kisha unateremkia Italia na kumalizia Venice. Ni njia nzuri sana. Tatizo ni kwamba watu hujiandaa kwa ajili ya miji, mlima wanauchukulia kuwa ni mahali pa kupigia picha tu. Ya kawaida nitayapitia haraka, halafu tutakaa kwenye mlima.

Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iwe hai angalau miezi 3 baada ya siku ya kutoka Ulaya, na iwe na kurasa 2 tupu. Imebakiza muda mfupi? Badilisha kwanza, usibahatishe.

Viza ya Schengen, yaani viza moja inayokubalika katika nchi nyingi za Ulaya, inaombwa kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, si kwa ile uliyosikia mtaani kwamba inatoa kirahisi. Siku zikilingana, omba kwa nchi utakayoingilia. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Miezi ya joto miadi hujaa, kwa hiyo wahi. Ukishapewa, isome stika kabla hujaondoka dirishani. Kuna tarehe ya mwanzo na ya mwisho, halafu kuna idadi ya siku za kukaa, na hayo ni mambo mawili. Stika inaweza kuwa hai siku 30 na ikakuruhusu kukaa siku 15 tu, na siku ya kuingia na ya kutoka zote zinahesabiwa. Angalia pia unaruhusiwa kuingia mara ngapi. Ikiwa ni mara moja, asikushawishi mtu mkimbie London wikendi kusalimia ndugu halafu mrudi. Uingereza iko nje ya Schengen na ina viza yake, ukitoka umetoka. Uswisi haimo kwenye Umoja wa Ulaya lakini Schengen imo, hivyo viza moja inatosha njia yote hii. Tangu Oktoba 2025 mipakani wameanza kuchukua alama za vidole na picha ya uso, kwa hiyo usipange ndege ya kuunganisha kwa muda wa kubana.

Bima ya safari lazima iwe ya euro 30,000 au zaidi, vinginevyo viza hupati. Lakini usiishie kwenye kiasi. Uliza kama inagharamia uokoaji wa milimani, na uliza kama inamhudumia mtu mwenye presha au sukari aliyoondoka nayo nyumbani. Majibu yawe kwenye maandishi. Nitarudi hapa.

Shilingi haina wa kuibadilisha kule. Beba euro, na Uswisi andaa faranga. Iarifu benki yako kwamba kadi itatumika nje. Kifurushi cha intaneti kinachoitwa cha Ulaya mara nyingi hakifanyi kazi Uswisi, soma orodha ya nchi. Plagi zetu za pini tatu haziingii popote kwenye njia hii, na tundu la ukuta la Uswisi limezama ndani na ni jembamba, kwa hiyo adapta nene zinagoma. Chukua ile nyembamba ya pini mbili za mviringo. Viatu viwe vilivyokwishazoea mguu, maana Salzburg na Venice ni mawe matupu.

Sasa mlima.

Reli ya Jungfrau, inayopanda mlima wa jina hilo karibu na Interlaken, ilifika juu mwaka 1912, na stesheni yake ya mwisho, Jungfraujoch, iko mita 3,454 juu ya usawa wa bahari. Ndiyo stesheni ya treni iliyo juu kuliko zote Ulaya. Tangu Desemba 2020 kuna magari ya nyaya yanayokutoa kijiji cha Grindelwald, chini kidogo ya mita 1,000, na kukufikisha stesheni ya Eigergletscher kwa dakika 15. Hapo unapanda treni inayopita ndani ya mwamba wa Eiger hadi kileleni mwa reli. Jumla ni kama dakika 45. Linganisha na kwetu. Anayepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu analala usiku wa kwanza Mandara, mita 2,720, wa pili Horombo, mita 3,720, na waongozaji wanamhimiza pole pole tangu getini. Kule Uswisi mtu anakaribia mwinuko wa Horombo akiwa amekaa kwenye kiti chenye joto, chai ya asubuhi haijashuka tumboni. Kiti hakiusaidii mwili. Mgandamizo wa hewa pale juu ni kama theluthi mbili tu ya ule wa pwani, na moyo lazima ufanye kazi kufidia.

Nililiona hili kwa shangazi yangu. Ana miaka sitini na kitu, ana presha, anameza vidonge kila asubuhi. Marehemu mume wake alikuwa mpagazi wa Kilimanjaro, kwa hiyo habari za mlima anazijua. Tulikuwa kwenye kundi lililopangwa na wakala, ratiba ya kukimbizana. Tuliingia Interlaken usiku wa manane kwa basi kutoka Salzburg, na saa 11 alfajiri tukagongewa milango. Kiongozi wa kundi akasema kifungua kinywa tutakula juu, na mabegi yote yaingie kwenye buti la basi. Vidonge vikaenda na begi. Shangazi alimwuliza kijana yule mara mbili, "Huko juu ni juu kiasi gani?" Akajibiwa, "Mama, ni treni tu, wewe unakaa."

Kwenye stesheni ya Eismeer treni ilisimama dakika chache, watu wakateremka kutazama barafu kupitia kioo. Shangazi hakuinuka. Alisema kichwa kinambana. Tulipofika, kundi likaikimbilia lifti ya kwenda kwenye roshani ya kutazamia iitwayo Sphinx kabla ya foleni. Njia ni korido ndefu iliyochimbwa mwambani. Alitembea hatua kama ishirini, akasimama, akaweka kiganja ukutani. Midomo ilikuwa imebadilika rangi, na kucha pia. Akajitapikia kwenye mtandio wake mwenyewe, ameukusanya kwa mikono miwili, hakutaka kuchafua sakafu ya watu.

Mhudumu wa stesheni alikuja na kiti. Aliuliza ana ugonjwa gani, anatumia dawa gani, na dawa ziko wapi. Dawa zilikuwa kwenye buti la basi, zaidi ya mita 2,000 chini yetu. Kiongozi wetu akapendekeza apumzike pembeni wengine wamalize kuzunguka. Mhudumu akakataa kabisa: tiba ya hali ile ni kushuka, na atashuka na treni inayofuata. Tulishuka naye, mimi na binti yake. Eigergletscher alifumbua macho na kuuliza tuko wapi. Grindelwald akaomba chai. Daktari aliyempima mchana ule alikuta presha imepanda vibaya, akamzuia hadi jioni. Bili ilipokuja, bima iliyonunuliwa na wakala ikasema haihusiki na ugonjwa uliokuwepo kabla ya safari. Familia tukachanga.

Kwa hiyo, mwenye presha, sukari, pumu, moyo, au mjamzito, aende kwa daktari wake kabla ya kulipia chochote na ataje mwinuko wenyewe: mita 3,454. Asiseme "nakwenda Uswisi" tu. Dawa zikae kwenye mkoba wa begani pamoja na karatasi ya daktari, kamwe zisikae kwenye begi kubwa. Msipande siku inayofuata safari ndefu. Laleni kwanza, ikiwezekana Grindelwald au Wengen. Kuleni asubuhi, kunyweni maji, pombe iacheni. Mkipanda kwa treni badala ya magari ya nyaya, njiani mnaweza kushuka stesheni ya Kleine Scheidegg, mita 2,061, mkapumzika saa moja kabla ya kuendelea. Juu tembeeni taratibu, na ngazi msizikimbilie. Kichwa kikianza kugonga au kichefuchefu kikija, shukeni, msisubiri kiishe.

Na si lazima kila mtu afike huko. Harder Kulm, mita 1,322, iko juu tu ya Interlaken. Schynige Platte, karibu mita 2,000, ina treni ya miezi ya joto inayopanda kwa gurudumu la meno, na kutoka pale vilele vya Eiger, Mönch na Jungfrau vyote vinaonekana. Mzee akikaa pale na kikombe chake hajapunjwa kitu.

Tiketi ya Jungfraujoch kutoka Interlaken bila punguzo huzidi faranga 200 msimu wa joto, kwa hiyo tazama kamera za moja kwa moja za mlimani asubuhi ileile kabla ya kulipa. Kukiwa na ukungu utalipia kuona weupe mtupu. Tazama pia saa ya treni ya mwisho kushuka. Hata Julai juu kuna theluji: sweta, koti la upepo, glovu, soksi nzito na miwani ya jua.

Jumapili maduka mengi ya Austria na Uswisi hufungwa, nunua chakula Jumamosi. Italia, tiketi ya karatasi ya treni za mkoa igongwe kwenye mashine kabla ya kupanda, la sivyo utapigwa faini na tiketi halali mkononi. Venice hutoza ada ya kuingia siku kadhaa za mwaka kwa wasiolala mjini, na begi la magurudumu utalibeba mwenyewe juu ya madaraja yenye ngazi, basi lifanye dogo. Makanisani funika mabega na magoti. Kanga moja inatosha.

Wachomozi wapo kwenye stesheni kubwa na kwenye vivuko vya Venice, simu isikae mfuko wa nyuma. Acha nakala ya pasipoti, viza na bima kwa mtu wa nyumbani. Anwani ya hoteli iandikwe kwenye karatasi kwa kila mmoja, wazee na watoto hasa, maana betri huisha. Mkiwa kundi, kubalianeni mahali pa kukutana kabla hamjaachana. Ratiba ikikubana kuliko mnavyoweza, mwambieni kiongozi asubuhi, kabla basi halijaondoka. Namba ya dharura ni 112, nchi zote tatu.