Kiti Kikiachwa, Apewe Anayesubiri: Kuweka Foleni Kwenye Usajili wa Semina ya Bure

Semina ya bure hujaa upesi kwenye tovuti, kisha siku yenyewe ukumbi una viti vitupu. Aliyelipa kiingilio hujikaza aje. Asiyelipa amebonyeza kitufe tu, na siku ikifika ana msiba, ana zamu kazini au amesahau. Ukiandika "Nafasi zimejaa" na kufunga fomu, umemzuia aliyetaka kuja kwa sababu ya mtu ambaye haji. Kupokea majina ya wanaosubiri ni kazi ndogo. Kazi kubwa ni kumrahisishia aliyesajiliwa kuachia kiti chake mapema.

Mfano wetu ni tovuti ya PHP na MySQL, kwenye hostingi ya kawaida yenye cPanel (paneli ya kusimamia tovuti), na ukumbi wa viti 80.

Hatua ya 1: Jedwali moja, hali tofauti

Usitengeneze jedwali la pili la wanaosubiri. Mtu ni yuleyule, kinachobadilika ni hali yake.

```
CREATE TABLE usajili (
  id INT AUTO_INCREMENT PRIMARY KEY,
  tukio_id INT NOT NULL,
  jina VARCHAR(100) NOT NULL,
  simu VARCHAR(15) NOT NULL,
  hali ENUM('ana_nafasi','anasubiri',
    'ameitwa','ameghairi','amechelewa') NOT NULL,
  aliingia DATETIME NOT NULL,
  mwisho_wa_kujibu DATETIME NULL,
  tokeni CHAR(16) NOT NULL UNIQUE,
  UNIQUE (tukio_id, simu)
) ENGINE=InnoDB;
```

Kabla ya kuhifadhi namba ya simu, igeuze iwe ya mtindo mmoja: 0712 na +255712 zote zianze na 255712, la sivyo mtu mmoja atashika viti viwili. Foleni ipange kwa `aliingia`, wala si kwa `id`. Aliyeghairi akirudi, safu yake ya zamani inatumika tena kwa muda mpya, naye anakwenda mwisho wa mstari kama wengine.

Tokeni, yaani msimbo wa siri wa kiungo cha kila mtu, itengeneze kwa `bin2hex(random_bytes(8))`. Ina herufi 16, haikisiki, na inatosha kwenye meseji.

Hatua ya 2: Kiti cha mwisho kisigombaniwe

Watu wawili wakibonyeza kwa pamoja, tovuti isiyo na kufuli huwapa wote kiti cha 80. Dawa ni kuifunga kwanza safu ya tukio kwenye jedwali la `matukio`, lenye idadi ya viti vya kila tukio, ndipo uhesabu:

```
START TRANSACTION;
SELECT viti FROM matukio WHERE id = 7 FOR UPDATE;
SELECT COUNT(*) FROM usajili
 WHERE tukio_id = 7
 AND hali IN ('ana_nafasi','ameitwa','anasubiri');
-- hapa ingiza safu mpya
COMMIT;
```

Hesabu ikiwa chini ya viti, mpe `ana_nafasi`. Ikifika, mpe `anasubiri`. Wanaosubiri nao wamehesabiwa kwa makusudi. Mtu akighairi saa hii, mgeni aliyefungua ukurasa dakika hiyohiyo asimruke aliyengoja tangu juzi. Kufuli hii inafanya kazi kwenye InnoDB, wala si kwenye MyISAM, injini nyingine ya MySQL isiyo na miamala.

Hatua ya 3: Mwite, usimpachike

Kiti kikiachwa, wengi humgeuza wa kwanza kwenye foleni kuwa `ana_nafasi` moja kwa moja. Mimi nakataa. Huenda ameshapanga mambo mengine, na kiti kitabaki kitupu vilevile. Mpe hali ya `ameitwa` na muda wa kujibu. Saa 6 zinatosha, na usiku usihesabiwe. Kroni ya cPanel (kazi inayojiendesha kwa ratiba) ipite kila dakika 15: aliyepitiwa na muda awe `amechelewa`, aitwe anayefuata.

Kiungo kwenye meseji kifungue ukurasa wenye vitufe viwili, "Nakuja" na "Naachia nafasi". Kufungua kiungo peke yake kusithibitishe chochote, kwa maana vichungi vya usalama, kama vile vya barua pepe, huweza kufungua viungo vyenyewe kabla mwenyewe hajasoma. Akibonyeza "Nakuja", badilisha hali pale tu ambapo bado ni `ameitwa` na `mwisho_wa_kujibu` haujapita.

Hatua ya 4: Saa na meseji

Hapa ndipo watu wetu hupotezwa. Seva nyingi zinafuata saa za UTC, saa 3 nyuma yetu. Weka `date_default_timezone_set('Africa/Dar_es_Salaam')` upande wa PHP, na `SET time_zone = '+03:00'` upande wa MySQL. Kisha andika saa kama inavyotamkwa. Ukimwandikia mtu "kabla ya 8:00", mwingine ataelewa saa 8 mchana. Geuza hivi:

```
$saa = ((int)date('G', $mwisho) + 6) % 12 ?: 12;
```

Saa 20 ya seva inakuwa 2, nawe unaongeza "usiku":

"Habari Asha, nafasi ya semina ya Jumamosi imepatikana. Jibu kabla ya leo saa 2 usiku:" kisha kiungo.

SMS moja hubeba herufi 160. Chunga alama ya king'ong'o. Ukinakili "Ng'ambo" kutoka kwenye programu ya kuandikia, alama ile huja imepinda, na herufi moja ya namna hiyo hushusha kikomo cha meseji nzima hadi 70. Unalipia mbili au tatu badala ya moja. Tumia ' iliyonyooka.

Hatua ya 5: Kumbusho lenye mlango wa kutokea

Siku 2 kabla, watumie wote wenye nafasi kiungo chao chenye vitufe vilevile. Usiwaulize sababu, usiwadai waingie kwa nywila. Viti vingi huachwa hapa, wakati bado kuna siku za kumwita mwingine.

Asubuhi ya tukio zima kroni. Anayetoka Mbagala kwenda Posta hawezi kuitwa saa 3 kwa semina ya saa 4. Foleni iliyobaki ichapishwe, mhudumu wa mlangoni aifuate kwa mpangilio uleule.

Tukio likiisha, futa namba za simu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya ina ya kwake ya 2019, na watu hawa walikupa namba kwa ajili ya semina moja.

Hatua ya 6: Jaribu kabla ya kutangaza

Tengeneza tukio la kiti 1. Fungua fomu kwenye simu na kompyuta, tuma zote kwa pamoja: mmoja apate, mmoja asubiri. Ghairi wa kwanza, uone wa pili akiitwa. Acha muda wake upite bila kujibu, kisha bonyeza "Nakuja". Ukurasa umwambie kwa upole kuwa muda umepita, na umpe kitufe cha kurudi kwenye foleni.