Gari likiwaka leo na kesho likagoma, pima ethi kwanza

Ethi ni waya unaounganisha hasi ya betri na chuma cha injini. Kabla hujanunua stata ya mtumba, ile mota inayozungusha injini iwake, pale Kondele, Kisumu, chukua mita ya umeme, iweke kwenye volti za DC. Ncha moja iguse nundu ya hasi ya betri, ile risasi yenyewe, si kibanio chake. Nyingine iguse chuma kitupu cha injini, pasipo rangi wala grisi. Gia fri, handibreki juu, kisha mtu apige stata wewe ukitazama mita. Ikisoma chini ya volti 0.2, ethi ni nzima. Ikivuka 0.5, umeme unapotelea njiani: fungua waya wa ethi ncha zote mbili, sugua kwa msasa hadi chuma king'ae, kaza. Langu lilisoma 1.8, na chini ya kibanio nikakuta unga wa kijani umejaa kama ukungu kwenye mkate.

Waya uliooza hupitisha umeme mdogo wa taa na redio bila shida. Stata huvuta zaidi ya ampea 100, na hapo ndipo uozo hujitokeza. Ndiyo maana betri ikipimwa gari likiwa limezimwa husoma volti 12.6 safi na kukudanganya.

Kipimo hiki hakisaidii stata ikiwa kimya kabisa. Umeme usipopita, mita itasoma sufuri hata kama ethi imekatika nusu. Hapo angalia rilei, ile swichi ndogo inayopelekea stata umeme, na swichi ya funguo. Tena pima siku gari limegoma, si siku limetulia.