Kilebu Akiharisha Damu, Maji Kwanza

Kilebu wangu hapa Lanet alianza kutapika povu alfajiri. Kufikia adhuhuri alikuwa anaharisha damu, harufu kali imejaa ua mzima. Parvo, ugonjwa wa virusi wa mbwa. Nilipoteza asubuhi nzima madukani nikitafuta kidonge cha kuua virusi hivyo, na hakipo. Kinachowamaliza vilebu ni kukaukiwa maji, na bakteria wanaopenya utumbo uliochubuka.

Hatua ya 1. Gusa ufizi. Wa mbwa mwenye afya huteleza kwa mate. Ukinata kidoleni, au ukiwa mweupe, mpeleke kwa daktari wa mifugo saa hiyo hiyo, usingoje kukuche. Atamtundikia dripu na kumchoma sindano ya kuzuia kutapika na ya antibiotiki.

Hatua ya 2. Akiwa hatapiki mfululizo, koroga pakiti ya ORS (chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini) ya lita 1 katika lita 1 kamili ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Tumia bomba la sindano lisilo na sindano. Mwache akae kifudifudi, ingiza ncha pembeni mwa shavu, mpe mililita 5, ngoja ameze. Rudia kila dakika 15, usiku kucha pia. Usimmiminie kwa pupa, yataingia mapafuni. Akiyatapika tena na tena, acha mdomo, ni dripu tu.

Hatua ya 3. Mpe joto: chupa ya maji moto iliyofungwa kitambaa.

Hatua ya 4. Kutapika kukitulia, mpe kuku wa kuchemsha asiye na ngozi na wali laini, kijiko kimoja kimoja.

Maswali ya wanachama

*Kaka, maziwa je? (Kiamunyi)*
Hapana dada, yatazidisha kuhara. Wala usimpe dawa za maumivu za binadamu.

*Watoto wangu wanambeba. Wataambukizwa? (Kisumu)*
Parvo ya mbwa haiwashiki watu. Minyoo ya mbwa ndiyo huwashika, kwa hiyo wanawe mikono kwa sabuni.

*Wangu alikufa, pole kwangu. Nilete mwingine lini? (Njoro)*
Pole sana, mama. Virusi hukaa udongoni mwaka mmoja au zaidi. Sakafu ya saruji ioshe kwa sabuni kwanza, kisha Jik (dawa ya klorini ya kufulia), kipimo 1 kwa maji 30, uiache dakika 10. Uani kwa udongo Jik haisaidii sana, hivyo mlete aliyemaliza chanjo: huanza wiki ya 6 hadi 8, hurudiwa kila wiki 3 au 4 mpaka atimize wiki 16.