Adui wako kwenye theluji ni jasho: namna ya kuchagua mavazi ya askari

Kila ninapopokea kuruta wapya wa mafunzo ya baridi, huwauliza: adui yenu kwenye theluji ni nani? Wote hujibu baridi. Mimi nasema ni jasho. Anayetembea na shanta la kilo 30 hutokwa jasho hata nyuzi zikiwa 20 chini ya sifuri, na akisimama tu, nguo iliyolowa huanza kumnyonya joto. Maji huondoa joto mwilini takribani mara 25 zaidi ya hewa. Kwa hiyo kila nguo unayoishika, jiulize: hii ikilowa itakuwaje?

Pamba hufeli hapo hapo. Inayogusa ngozi iwe sufu nyembamba au polista inayokauka upesi. Juu yake sweta la sufu, kisha jaketi la kukinga upepo, na mimi hulitaka lenye zipu makwapani ili joto litoke bila kuvua shanta. Usilidharau hilo jaketi: kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri, upepo wa kilomita 30 kwa saa huifanya ngozi iliyo wazi ipoe kana kwamba ni nyuzi 20 chini. Mkiondoka, punguza nguo moja, uanze safari ukisikia baridi kidogo. Koti nene lililojazwa ndani ili kutunza joto likae juu kabisa ya shanta, na liwe pana la kuvaliwa juu ya vyote mara tu mnaposimama, kabla hujatetemeka.

Sasa buti, na hapa naomba unisikilize sana. Kuruta wangu mmoja alikuwa na buti nzuri zilizomkaa sawasawa. Usiku wa lindo akaongeza soksi ya pili, nene. Alipozivua nilikuta vidole vyeupe kama nta, nikavibonyeza, hakusikia. Mwenzake alifungua shati akamwekea nyayo tumboni mpaka damu ikarudi, na kijana alilia kwa maumivu. Buti zile hazikuwa mbovu, ila soksi mbili zilibana damu na kumaliza nafasi ya hewa. Jaribu buti ukiwa na soksi zile zile utakazovaa kazini, na vidole vicheze.

Wala usidhani mpaka kuwe na barafu. Mwaka 1982, kwenye vita vya visiwa vya Falklands, kusini mwa Atlantiki, wanajeshi wengi wa Uingereza waliharibika miguu kwa buti zilizopitisha maji, mahali ambapo tatizo lilikuwa ubaridi na unyevu wa siku nyingi. Beba soksi jozi tatu: moja miguuni, moja ikikauka tumboni chini ya shati, moja ya kulalia tu.

Mikononi, glovu zisizotenganisha vidole hushinda zenye vidole. Ndani yake vaa nyembamba, maana chuma cha bunduki hung'ang'ania ngozi tupu. Zifunge kamba shingoni. Upepo ukizichukua umeshapoteza mikono.

Bunduki ipake mafuta maalumu ya hali ya baridi, kidogo tu, kwani ya kawaida huwa mazito kama gundi. Usiiingize kwenye hema lenye joto: itatoa umande, na ukitoka nayo umande ule utaganda ndani. Betri zilale nawe kwenye begi la kulalia. Chupa ya maji iweke kichwa chini, kwa sababu barafu huanzia juu, na asubuhi mdomo wake utakuta uko wazi.