Menejimenti ya michezo chuoni: anza na timu moja ndogo

Muhula wa kwanza nilipata sapu, yaani mtihani wa kurudia, ya misingi ya menejimenti ya michezo. Mimi, niliyeweza kukutajia kikosi cha Yanga cha misimu mitano mfululizo, golikipa mpaka benchi! Swali lilitaka nieleze maana ya kudhibiti katika uendeshaji wa klabu, nami nikajaza ukurasa mzima juu ya kocha anayewabana wachezaji watoro. Madesa, yale maandishi ya mihadhara, nilikuwa nimeyakariri yote. Tatizo, sikuwa nimewahi kuona kitu chochote kikidhibitiwa.

Kwa hiyo wewe unayeingia mwaka wa kwanza, wiki ile ile ya kujisajili tafuta timu moja ndogo iliyo karibu na chuo, uifuate muhula mzima. Simba na Yanga waache kwanza. Wewe ni shabiki, na shabiki akisoma habari za timu yake anatafuta pa kuitetea. Halafu hesabu zao hutazishika mkononi. Chukua timu ya ligi ya wilaya, klabu ya riadha, au waandaaji wa ndondo pale uwanja wa vumbi. Katibu wa timu ya namna hiyo huwa hana msaidizi. Mbebee mipira Jumamosi mbili, ya tatu atakuonyesha daftari lake.

Yangu ilikuwa timu ya netiboli, na katibu wake alikuwa mwalimu mstaafu, mama mmoja mwenye mwandiko wa kupendeza. Waliandaa bonanza, kiingilio shilingi 1,000. Jioni tukakaa kwenye mkeka kuhesabu: vishina vya tiketi zilizokatwa 214, pesa kwenye makopo ya milango miwili shilingi 187,000. Zimepungua 27,000. Nilidhani sasa mtu atashikwa shati. Mama akatenganisha vishina na kopo la mlango wa mbele na vya mlango wa nyuma, akahesabu upya, pengo lote likaangukia nyuma. Kijana wa pale alikuwa anawakatia ndugu wa wachezaji tiketi bila kuwatoza, maana hakuna aliyemwambia wageni wa bure waingieje. Bonanza lililofuata zikachapishwa tiketi za mwaliko za rangi ya njano, na kila mlango ukapewa kitabu chake chenye namba. Ndiyo kudhibiti: ulipanga kupata kiasi fulani, umepata kiasi gani, pengo limetoka wapi, unarekebisha nini. Niliporudia mtihani niliandika habari ya vile vishina, nikapita.

Henri Fayol, Mfaransa aliyeendesha kampuni ya migodi, alitaja kazi tano za menejimenti mwaka 1916: kupanga, kuunda mfumo wa kazi, kuamuru, kuratibu na kudhibiti. Mhadhiri wako huenda akakupa nne, kwa kuwa vitabu vingi vya siku hizi vimeziunganisha, usibishane naye. Zipe kurasa zake kwenye daftari, na kila Jumamosi andika tukio moja la timu yako chini ya kazi inayohusika. Zipo wiki ambazo ukurasa wa kupanga utabaki mtupu. Hilo nalo liandike.

Mada inayoangusha wengi ni mamlaka: nani yuko juu ya nani. Hii usiipitie juu juu. Chukua karatasi kubwa uchore ngazi mbili. Ya kwanza, tukichukua soka, inashuka kutoka FIFA ya dunia kwenda CAF ya Afrika, TFF ya Tanzania, chama cha mkoa, chama cha wilaya, hadi klabu. Ya pili inaanzia wizarani, inapita Baraza la Michezo la Taifa, mpaka kwa afisa michezo wa halmashauri. Klabu yako iko chini ya zote mbili. Sasa jaribu mchoro wako kwa tukio la kweli. Novemba 2021 serikali ya Kenya ilivunja uongozi wa shirikisho la soka la nchi hiyo; Februari 2022 FIFA ikaifungia Kenya, na kifungo hakikuondolewa mpaka Novemba mwaka huo. Weka kidole kwenye mchoro uone ngazi mbili ziligonganea wapi. Kisha fanya hivyo hivyo kwa Zanzibar, iliyopokewa CAF kama mwanachama kamili Machi 2017 na kuondolewa Julai mwaka ule ule. Ukiweza kueleza kisa hicho bila kupandisha hasira, umeielewa mada. (Mimi hasira bado ninazo, ila mtihanini naziacha nje.)

Kuna kanuni moja ambayo mwenzako wa biashara ya kawaida hatafundishwa. Mwenye duka akimfilisi jirani yake ameshinda. Kwenye michezo ukimmaliza mpinzani umejimaliza, kwa sababu tiketi inauzwa na mashaka ya nani atashinda. Mwanauchumi wa Marekani Walter Neale alilieleza hilo mwaka 1964 kwa mfano wa bondia Joe Louis, ambaye pato lake lilitegemea kuwepo mtu wa kumtoa jasho. Sisi tuna mfano wa nyumbani. Tarehe 8 Machi 2025 mechi ya Yanga na Simba iliahirishwa siku ile ile ya mchezo, baada ya Simba kusema walizuiwa kufanya mazoezi uwanjani usiku wa kuamkia mechi. Ilikuja kuchezwa tarehe 25 Juni, Yanga wakashinda 2-0. Zoezi: andika ukurasa mmoja ukiorodhesha kila aliyeguswa na ahirisho lile, kuanzia mwenye haki za matangazo mpaka muuza maji wa nje ya geti, bila kusema nani alikuwa na haki. Mara yangu ya kwanza nilishindwa mstari wa nne.

Masoko na udhamini ni rahisi ukishatofautisha udhamini na msaada. Nenda kwa mwenye duka la vifaa vya ujenzi ukaombe jezi. Atakuuliza, "Na mimi napata nini?" Ukiwa na jibu, huo ni udhamini. Ukianza kusema vijana wetu wanahitaji kuungwa mkono, unaomba msaada, na atakupa soda.

Mihadhara ni kwa Kiingereza, kwa hiyo jioni kaeni kwenye vimbweta, yale mabenchi ya nje ya chuo, watatu au wanne, kila mmoja aeleze mada moja kwa Kiswahili cha mtaani, kama anamweleza mama ntilie. Atakayekwama au kukimbilia maneno ya kitabuni, arudi kwenye mada yake. Kundi la watu kumi achana nalo, hilo ni la kupiga stori za bumu, pesa ya mkopo, limeingia au halijaingia.

Na barua ya kuomba field, mafunzo kwa vitendo, iandike mapema, wenzako wakiwa bado wanasubiri majina ya klabu kubwa. Ofisi ya michezo ya halmashauri itakufundisha kuliko klabu itakayokuweka mapokezi miezi miwili. Siku yangu ya kwanza huko, afisa hakuuliza habari za Fayol. Aliuliza kama najua kupima kiwanja cha netiboli. Nikamwambia mita 30.5 kwa 15.25. Akanipa kamba, mfuko wa chokaa na watoto wawili wa shule ya msingi wa kunishikia ncha.