Kumhamisha mgonjwa wa kiharusi kutoka wilayani hadi Mbeya mjini

Kwa matabibu na wauguzi wa Tukuyu, Kyela, Chunya na kwingineko wanaopeleka wagonjwa Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya.

1. Mdomo umeenda upande, mkono mmoja umelegea, maneno hayaeleweki? Pima sukari hapo hapo. Ikiwa chini ya 3.9 mmol/L, mpe glukosi ya mshipa kwanza. Sukari iliyoshuka huigiza kiharusi barabara.

2. Andika saa. Rufaa nyingi huharibikia hapa. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda (alteplase) hutolewa ndani ya saa 4 na nusu, zikihesabiwa tangu mgonjwa alipoonekana mzima mara ya mwisho, si tangu alipokutwa ameanguka. Aliyeamka mkono hauinuki, hesabu yake inaanzia usiku. Ukiuliza "imeanza lini?" utajibiwa "asubuhi", basi. Uliza: nani aliongea naye mwisho? Chai alikunywa mwenyewe? Usiku alitoka kwenda chooni?

Kisha ndugu akisema "saa tatu asubuhi", fomuni andika 09:00. Ukiandika 3:00, anayepokea atasoma alfajiri, na mgonjwa atakuwa "amechelewa" saa 6 ambazo hazikuwepo. Namba ya simu ya shahidi iandikwe pembeni. Bora zaidi shahidi mwenyewe apande gari, hata kama ni binti wa kazi, kuliko mjomba mwenye pesa ambaye hakuona kitu.

3. Piga simu idara ya dharura kabla gari halijawashwa. Uliza kama CT-Scan (mashine ya picha ya ubongo) inafanya kazi leo na kama dawa ipo.

4. Kanula ya kijani (18G), mkono wenye nguvu. Dripu iwe normal saline, si dextrose. Mdomoni kisipite kitu, hata aspirini, mpaka CT-Scan ionyeshe kama kuna damu iliyovuja ubongoni. Presha usiiguse ikiwa chini ya 220/120. Kwa anayetarajiwa kupewa alteplase, ishushwe taratibu kwa dawa ya mshipa hadi chini ya 185/110. Nifedipine chini ya ulimi, hapana kabisa: presha ikiporomoka, ubongo unaohangaika hunyimwa hata damu kidogo uliyobaki nayo.

5. Muuguzi akae nyuma na mgonjwa, si mbele na dereva. Anayetapika alazwe ubavu. Oksijeni ikishuka chini ya 94%, mwekee. Presha na fahamu kila dakika 15. Mnaotokea Tukuyu au Kyela, mkifika Uyole pigeni tena simu, foleni ya malori iwepo isiwepo, ili mgonjwa apitilize kwenye mashine badala ya kusubiri faili mapokezi.