Picha zimejirudia? Zisake hivi

Picha moja ya harusi ya dada angu nilikua nayo mara nne: ya kamera MB 6, zingine tatu za WhatsApp KB mia na kitu. Ukitafuta kwa MD5 (hashi, yaani namba ya utambulisho inayokokotolewa toka kwenye faili) huzipati ng'o, maana MD5 inakamata faili zilizofanana baiti kwa baiti, ukipunguza saizi kidogo tu namba inabadilika yote. Hapo unataka hashi ya muonekano, yaani namba inayotokana na picha inavyoonekana, si baiti zake. dHash kwa mfano inaikunja picha mpaka pikseli 9 kwa 8, inaondoa rangi, inalinganisha kila pikseli na jirani yake wa kulia, unapata biti 64 (sifuri au moja), na picha mbili zikipishana biti chache tu basi karibu hakika ni ileile.

Si lazima uandike programu mwenyewe, shusha Czkawka, programu ya bure ya kusaka faili zilizojirudia (jina gumu ila kazi safi). Anza na dublikati za kawaida, ukimaliza ndo uende kwenye picha zinazofanana, na usilegeze kipimo cha kufanana mapema, itakuletea picha zako zote za bahari ikidai ni moja. Baki na yenye pikseli nyingi na tarehe ya kupigwa, WhatsApp huwa inaifuta hiyo. Na bakapu kwanza jamani.